Hospitalini Hakuna Mkwe

Siku mliyoniaga nilipostaafu, wauguzi wenzangu wa wilaya, mlinipa mashine ya kupimia presha, mkanilisha keki, mkaniomba niwaandikie wanaokuja nyuma yetu jinsi tulivyofanya kazi. Keki niliimaliza siku hiyo hiyo. Kuandika kumechukua muda, kwa sababu kila nilipokaa na kalamu nilijikuta najisifu, kisha najicheka, kisha nafuta. Vyeo sitavieleza, vilikuwa vichache na havikumtibu mtu. Nitaeleza kazi, na nitaeleza aibu, maana katika milima hii nimeona aibu ikiwazuia wazee kupimwa kuliko mvua, utelezi na umbali vikijumlishwa. Na niseme mapema kwamba mwenye aibu sasa ni mimi.

Nilifika zahanatini wakati wa baridi kali, ukungu umeshuka mpaka kwenye ngazi, gauni langu jeupe limepigwa pasi kwa uangalifu kama la bibi harusi. Aliyenipokea ni Sista Elizabeti, muuguzi mkongwe, Mlutheri wa upande wa Irente, mfupi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Hakunionyesha ofisi wala choo. Alinipa mashine ya presha, ile ya zebaki ndani ya kisanduku, akasema, "Kuna babu pale ndani. Mpime."

Babu mwenyewe alikuwa Mzee Singano, mkulima wa kabichi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukaulizana habari za nyumbani na za mvua. Kisha nikamfunga mkanda juu ya sweta lake, nikajaza upepo, nikasikiliza, nikapata namba, nikatoka nayo kwa furaha.

"Umepima nini?" Sista Elizabeti akauliza.

"Presha ya babu."

"Umepima presha ya sweta. Rudi."

Wenye kukulia huku mnajua wazee wetu wanavyovaa. Mzee wa Lushoto hana nguo ya baridi moja, ana tabaka. Kumwambia mtu wa umri wa baba yako avue mbele yako lilikuwa jambo ambalo mdomo wangu ulikataa kulisema. Sista Elizabeti akaingia, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, "Babu, mwanao anataka mkono, si sufu." Mzee akatazama dirisha, akatazama mlango, akavua sweta la kwanza. Chini yake kulikuwa na la pili. Chini ya la pili kulikuwa na la tatu, la rangi ya waridi, lenye maua kifuani. Lilikuwa la mke wake.

"Baridi haijui mume wala mke," akasema, macho yake yako sakafuni.

Sista Elizabeti hakucheka. Mimi nilicheka baadaye, nyuma ya jiko la kuchemshia vyombo, na alinikuta huko. Presha ya mzee ilikuwa ya kuanzishiwa dawa siku ile ile. "Yeye aliona haya kuvua," akaniambia, "na wewe ukaona haya kumwambia avue. Haya za watu wawili zikikutana hivyo, mgonjwa anarudi nyumbani na ugonjwa wake." Sikucheka tena siku hiyo.

Jambo la pili alilonifundisha ni salamu. Mnajua mzee wetu hawezi kupitwa na mtu bila kumsalimia, wala kusalimiwa akanyamaza. Basi umemfunga mkanda, unasikiliza, mara mtu anapita koridoni na salamu ya Kisambaa, "Onga maundo!" Mzee anaitikia, anauliza habari za watoto, za ng'ombe, za mgonjwa waliyemwacha nyumbani, na presha inapanda pamoja na mazungumzo. Unaandika namba ya uongo na unampa mtu dawa ya habari za ng'ombe. Sista Elizabeti aliweka sheria: salamu zote ziishie kwenye benchi la nje, na anayepimwa asiamkiwe hata na shemasi. Wengi walimwona hana adabu. Alikufa bila kuibadilisha, na mimi niliirithi pamoja na sifa yake mbaya.

Kliniki ya wazee tuliiweka siku ya gulio. Msidhani ilikuwa hekima ya semina. Ilikuwa uvivu wetu wa kuwafuata majumbani. Siku ya gulio hata bibi ambaye hajatoka nje wiki nzima hushuka na karoti zake au kuja kutazama nani ameoa nani. Tukawaomba wapite kwetu kwanza, kabla miguu haijachoka. Tulipima presha, sukari, macho, uzito, na tulikagua nyayo za wenye kisukari. Nyayo ndizo zilizoniwia kazi ngumu kuliko zote. Bibi mmoja alikuwa radhi kunionyesha sehemu ambayo sikumwomba, lakini si visigino vyake vilivyopasuka.

Wanawake niliwaambia methali ya mficha uchi hazai. Walinijibu, "Sisi tumeshamaliza kuzaa, Sista."

Lakini kisa kilichonipa jina ni cha Bi Mwanahawa, Mungu amrehemu. Kila siku ya gulio alikuja, akakaa benchini, na zamu yake ikikaribia aliinuka akaenda kutazama nyanya. Nikamvizia siku moja, nikamshika mlangoni.

"Bibi, unatukimbia?"

"Siyo ninyi, Sista. Ni yule." Akaonyesha kwa kidevu. Ndani alikuwa Rashidi, mhudumu wetu, ndiye aliyefunga mikanda wakati mimi nasikiliza. Alikuwa amemwoa binti wa Bi Mwanahawa.

Wageni niwaeleze. Kwa malezi tuliyolelewa sisi wa rika langu, mkwe haguswi. Mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mkono, hawakai mkeka mmoja, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja huingia shambani kumpisha mwenzake. Huo si ugomvi. Ndiyo heshima yenyewe. Nilijua vizuri, kwa sababu hata mama yangu alikuwa akiingia kwenye mahindi.

Hata hivyo nilisimama mlangoni na kusema kwa sauti ya Sista Elizabeti, benchi zima likisikia: "Hospitalini hakuna mkwe! Kuna mgonjwa na kuna mhudumu!" Bi Mwanahawa akaingia. Alitoa mkono wake uso umefunikwa na kanga, na Rashidi akafunga mkanda akitazama dari. Presha ilikuwa mbaya. Akaanza dawa, akaishi mpaka akabeba vitukuu, na maneno yangu yakatembea kijijini kuliko mimi. Hata walevi walikuwa wakiambiana kilabuni, "Hospitalini hakuna mkwe." Nilitembea kichwa juu. Sikumwuliza hata siku moja alirudi nyumbani akijisikiaje.

Miaka ikaenda. Mashine ya zebaki ikaondolewa, zikaja za betri. Ile ya zamani ilitaka masikio. Hizi zinataka betri, na betri za zahanati zina mazoea ya kuhamia kwenye redio. Ziangalieni. Mashine ya betri iliyochoka haisemi imechoka, inatoa namba tu kama mwanafunzi aliyebanwa na swali. Na mkanda uwe wa saizi ya mkono: bibi aliyekonda hafungwi mkanda wa mwanamume mnene kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Haya mnayajua. Nayarudia kwa sababu nimewaona mkiyasahau saa ya chakula.

Mwisho mkaniaga. Nafasi yangu haikujazwa upesi, na tabibu wetu naye akahamishwa. Akaletwa kijana mmoja, mtulivu, mwenye mikono safi, asiyepandisha sauti. Wanakijiji walifurahi kupata mtu. Mimi nilifurahi zaidi ya wote, kwa sababu kijana huyo ni Yusufu, mume wa binti yangu Rehema. Binti yangu alihamia nyumba ya zahanati, ng'ambo ya mgomba wangu wa mwisho, na mjukuu wangu akawa anakuja kwangu kunywa uji. Nilimshukuru Mungu mchana na usiku.

Kisha ikafika siku ya gulio, kliniki ya wazee, na mimi nikiwa mzee.

Mama yangu alikufa kwa kiharusi. Nimewapima presha watu wengi, siwezi kusema sikujua maana yake: kwamba mimi nilipaswa kuwa wa kwanza pale benchini. Nilivaa, nikajitanda kanga, nikafika mpaka kona ya ukuta. Dirishani nikamwona Yusufu akimfunga bibi mkanda, peke yake, maana hakukuwa na muuguzi wala mhudumu. Nikafikiria mkono wangu, huu mkono uliolegea nyama, ukiwa mtupu mikononi mwa mume wa mwanangu. Nikageuka nikaenda kupalilia karoti. Zilikuwa zimeshapaliliwa.

Nikaanza kujipima nyumbani kwa mashine mliyonipa. Ninyi ni wauguzi, kwa hiyo nitawaambia ukweli na mtanielewa: nilijipima mara tatu nikachagua namba iliyonipendeza. Ikitoka kubwa nilisema nimepanda mlima. Ikitoka kubwa tena nilisema ni chai. Ya tatu ikitoka na nafuu kidogo nilimshukuru Mungu na kuzima mashine. Mganga hajigangi, wanasema. Mimi nilifanya zaidi, nilijidanganya kwa kipimo mkononi. Mgonjwa angenifanyia hivyo ningemfukuza chumbani.

Wazee wenzangu wakauliza. Bi Sofia, jirani yangu, mcheshi, niliyezeeka naye, akaniambia, "Sista, benchini hatukuoni."

"Mimi napima nyumbani. Nina mashine."

"Ehee! Basi wewe unapimia nyumbani, na sisi tutaumwa nyumbani." Akacheka, nikacheka. Siku ya gulio iliyofuata yeye hakwenda, na dada yake hakwenda.

Yusufu aliona. Tabibu mzuri huona asiyekuja kabla ya kuona anayekuja. Alimtuma Rehema kwangu na mashine ya zahanati, anipime yeye. Nikamwambia mwanangu kwamba mimi mzima, amwambie mumewe asisumbuke. Kwa kweli nilikerwa. Niliona anajua ninachokificha.

Muda si mrefu Rehema akaja tena, jioni, hakukaa. Alisimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Mama, Yusufu ameomba uhamisho."

"Kwa nini? Kuna mtu amemkosea?"

"Hakuna."

"Nyumba inavuja?"

"Mama." Akavuta pumzi. "Anasema hawezi kukaa mahali ambapo mama mkwe wake hapati huduma kwa sababu yake. Nimemwambia aje aongee na wewe. Anasema atakujaje? Ataanzaje? Anaona aibu kama wewe. Anasema yeye ni mgeni na wewe ni mwenyeji, na mgeni ndiye anayeondoka."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akanijibu kitu ambacho hakikuwa utovu wa adabu ingawa kilinichoma. "Ningekuambia nini, mama? Hospitalini hakuna mkwe?" Akaondoka. Mtoto alikuwa amelala, kofia ya sufu imemshuka mpaka puani, na hakunipungia mkono kama kawaida yake.

Sikulala vizuri. Asubuhi nilioga, nikavaa gauni lenye mkono mpana unaopanda kirahisi, nikaenda. Sikupitia kona ya ukuta, nilipita katikati ya uwanja. Haikuwa siku ya gulio na benchi lilikuwa tupu, jambo nililomshukuria Mungu, na nikaona aibu kumshukuru kwa hilo.

Yusufu aliponiona aliinuka haraka mpaka kiti kikaanguka. "Shikamoo mama," akasema, akitazama kiti.

"Marahaba, baba. Nimekuja kupimwa."

Alikiinua kiti. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona katika miaka yangu yote ya kazi. Aligeuza kiti changu kikatazama ukuta, chake kikatazama dirisha, meza ikawa katikati yetu ubavuni. Nikapandisha mkono wa gauni na kuulaza mezani. Alifunga mkanda kwa ncha za vidole, bila kunigusa ngozi zaidi ya ilivyolazimu. Mimi nilisoma bango la chanjo za watoto. Yeye, nadhani, alihesabu miti. Alipima, akasubiri, akapima tena. Hakuchagua namba.

"Mgonjwa ana presha ya juu," akasema akilitazama dirisha. "Ya juu sana. Mgonjwa alikuwa anajipima?"

"Mgonjwa alikuwa anajipima," nikasema, nikilitazama bango.

"Namba zilikuwaje?"

Nilikuwa na umri wa mama yake na nilikuwa nimefundisha vijana kazi yake. "Mgonjwa alikuwa anaondoa zile mbaya," nikasema.

Alikohoa. Nilitaka anigombeze, ingekuwa nafuu. Akasema tu, kwa heshima yote, "Mgonjwa aanze dawa leo. Asiache hata akijisikia vizuri. Chumvi apunguze. Na arudi apimwe, asisubiri kuumwa kichwa, maana presha haisubiri kichwa." Maneno yale yale niliyowaambia wengine nikiwa nimesimama, mkono kiunoni.

Nikashusha mkono wa gauni, nikajitanda vizuri. Sasa aliweza kuniita mama tena, na mimi nikaweza kusema kilichonileta. "Baba, nimekosa mimi. Ule uhamisho uufute. Umeona, nimekuja, na nitakuwa nakuja."

"Mama, uhamisho umeshatoka," akasema. "Ni Mazinde. Natakiwa kuripoti."

Nilimwambia nitakwenda mimi mwenyewe ofisini kuongea, kwamba wale wakubwa nawafahamu. Akanisihi nisiende. Alisema ameomba kwa mdomo wake na kueleza ni mambo ya familia. Akirudi kusema familia imepatana ataonekana mtoto. Alisema kule nako kuna wazee. Yote yalikuwa kweli. Nilitoka na dawa zangu, na nilipofika kwenye karoti zangu nililia kama mtu aliyefiwa.

Walihama na kigari cha mizigo, godoro juu, mjukuu wangu amepakatwa mbele na mama yake. Mazinde naiona. Siku isiyo na ukungu ukienda ukingoni unaona mabati yake kule chini kwenye joto, karibu kiasi cha kudhani ungerusha jiwe likadondokea uani kwao. Kwa barabara ni kuzunguka Soni, ushuke Mombo, ubadilishe gari. Wageni wanaokuja kupiga picha za bonde hunikuta nimesimama pale, na wengine wameniomba nisogee.

Zahanati yetu sasa hufunguliwa siku anapopata nafasi mtumishi wa kituo kingine. Siku ya gulio iliyopita hakuja. Nilipopita nikawakuta wazee benchini wamejaa, wamejifunika, mlango umefungwa. Bi Sofia alikuwa katikati. Dada yake hakuwepo. Amepooza upande mmoja, na siwezi kuapa kwamba angepimwa asingepooza. Wala siwezi kuapa kinyume chake. Nalala na jambo hilo.

Vijana, niliposema nitawaeleza aibu, ni hii. Si ile ya sweta na visigino. Hiyo mtaizoea na mtaifungia mlango. Nimekaa nayo peke yangu kwa sababu hapa kijijini hakuna aliyejua sababu ya Yusufu kuondoka. Wote walisema ni serikali.

"Sista, onga maundo," Bi Sofia akasema siku ile benchini. "Wametuchukulia tabibu wetu, mtu mzuri vile, mkweo. Hivi aliyewakosea ni nani?"

Nikaona niseme. "Ni mimi," nikasema. "Ni mimi niliyemfukuza."

Benchi zima likacheka. Bi Sofia alijipiga paja. "Huyu Sista na utani wake! Basi kama ni wewe, lete hiyo mashine yako utupime, ulipe kosa."

Nilikwenda nyumbani nikaileta. Nikawapima mmoja mmoja, nikawavua masweta, nikawanyamazisha salamu, na kwa muda nikawa mtu tena. Nilipomaliza, Bi Sofia akavaa sweta lake la mwisho akiwa bado anachekacheka. "Na wewe mwenyewe, mpimaji wetu, nani anakupima?"

"Kesho nashuka Mazinde," nikasema. "Ananipima mkwe wangu."

Alikuwa anafunga kifungo, akaacha. Alinitazama usoni, akautazama mlango uliofungwa.

"Lakini Sista," akasema taratibu, "si alikuwa hapa hapa?"